Shali ya Zoona na Kipimo cha Tasleema

Wenye haraka hawampendi Tasleema Kawoosa. Ukipeleka shali yako kupimwa pale maabara ya pashmina, yale manyoya laini ya mbuzi, upande wa mji wa kale wa Srinagar, utangoja kwanza huyo mama avue pete, anawe mikono, atoe kwenye kisanduku chake kipande cha kioo kisichozidi kidole, akiweke chini ya hadubini na kukipiga picha. Shali yako bado imo mfukoni. Wafanyabiashara wamelalamika mpaka wamechoka. Wengine wamempachika jina la Bibi Kioo. Analijua, wala halimsumbui. Asubuhi kioo, umeme ukikatika na kurudi kioo, kila shali mpya kioo. Ukimwuliza sababu atakwambia ndiyo kazi yenyewe. Habari ya Zoona hatakusimulia, maana hiyo hawaambii wapita njia.

Alizaliwa mtaa wa Zadibal, katika nyumba ya wafumaji, akakulia chini ya kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo, akiokota vipande vya nyuzi. Alitaka kuwa daktari, alama hazikutosha, akasoma sayansi chuoni kwa shingo upande. Maabara ilipofunguliwa wakatafuta mtu anayejua hadubini na asiyechoka kukaa. Kwa kukaa hakuna aliyemshinda. Akawekwa chini ya mzee mmoja, marehemu Makhdoomi, mtu mkali, mwenye kikohozi na mkono usiotetemeka, na huyo ndiye aliyemfundisha.

Kazi ukiieleza ni ndogo. Unachomoa nyuzi chache pembeni mwa shali, unazikatakata, unazilaza juu ya kioo kwa tone la mafuta, unapiga picha kupitia hadubini, kisha kompyuta inapima unene wa kila unyuzi. Manyoya ya mbuzi wa kule juu Changthang ni membamba kuliko unavyoweza kufikiri. Yakizidi maikroni kumi na sita, si pashmina tena mbele ya sheria, na maikroni elfu moja ndipo zinatimia milimita moja. Shali ikivuka hapo hainyimwi tu muhuri wa pashmina halisi. Kwenye fomu kuna kisanduku kimoja cha kutia alama, nacho kimeandikwa “imechanganywa”. Maana yake mtu ametia sufu ya kondoo, na kila mmoja mtaani anajua manyoya yale yalisokotwa na mikono ya nani.

Kompyuta, Makhdoomi alikuwa akisema, ni mjinga mtiifu. Haijui unyuzi wala kamba ya meli. Inachoona ni vitone tu, vile vinavyoiunda picha, ambavyo wenye mashine huviita pikseli. Wewe ndiye unayeiambia kitone kimoja ni maikroni ngapi. Unaweka chini ya lenzi rula ya kioo, kile kipande cha kisandukuni, ambayo milimita moja yake imegawanywa kwa mistari mia, unaipiga picha, unavuta mstari kutoka alama hii mpaka ile, halafu unaandika: hapa ni maikroni mia moja. Basi, kuanzia hapo itaamini. Ukiidanganya, itakudanganya nawe kwa adabu zote, mpaka nukta ya mwisho.

Sasa, Srinagar wakati wa zile siku arobaini za baridi kali, maji yanapoganda bombani, umeme huja kwa zamu na kuondoka bila kuaga. Maabara hutegemea betri, na betri haina subira na picha kubwa. Kwa hiyo Makhdoomi alianzisha desturi yake. Baridi ikiingia, kamera inashushwa ipige picha ndogo, na kompyuta inapewa kipimo cha picha ndogo. Siku ya kwanza ya machipuko, watu wanapoanza kuondoa plastiki madirishani, kamera inarudishwa kwenye picha kubwa na kipimo kinabadilishwa kuwa cha picha kubwa. Mambo mawili, kila moja na mahali pake pa kubonyeza. Tasleema alifanya hivyo miaka kumi na minane bila kukosea.

Mwaka wa kumi na tisa, siku hiyo ya machipuko ilikuwa na jua la kudanganya na ubaridi wa kutosha kumfanya bado awe na kangri yake, kile kikapu cha makaa, chini ya joho. Alibadilisha ukubwa wa picha. Kabla hajagusa kipimo, kangri ikapinduka, kaa likaangukia upindo wa joho, na wenzake wakamwagia maji na kumcheka. Mmoja akamwambia amechelewa kidogo, baridi imeshaondoka ndipo anajichoma. Alicheka nao, akabadili joho, akanywa chai ya chumvi aliyomiminiwa. Aliporudi mezani alikuwa na hakika kazi ya kubadilisha ameimaliza.

Shali ya kwanza iliyowekwa mbele yake siku ile ilikuwa imesokotwa na Zoona na kufumwa na mumewe Khazir, wa mtaa wa nyuma ya kiwanja cha Idi. Zoona alikuwa akisokota tangu ana miaka tisa. Uzi wake ulijulikana. Kuna wafumaji waliokuwa radhi kungoja mwezi mzima waupate kuliko kuchukua wa mwingine. Khazir alikuwa amekaa kitandani pa mfumi mpaka magoti yakakataa kunyooka, na sasa mapafu nayo yalikuwa yakimwacha. Shali hiyo aliifuma mwaka na nusu, akikaa nusu saa na kulala saa tatu. Wote wawili walijua ni ya mwisho. Alitaka iwekwe muhuri kabla hajafa, hilo tu.

Kompyuta ilisema kumi na sita nukta tatu. Tasleema aliutazama ule unyuzi kwa muda. Unyuzi wa kondoo una magamba yaliyobanana. Huu ulikuwa na magamba membamba, yaliyoachana, kama ya mbuzi kabisa. Jicho lake lilimwambia jambo moja na namba ikamwambia lingine, naye akaifuata namba. Watu wengi wangefanya hivyo, na hilo halimpunguzii kosa. Alitia alama kwenye kisanduku.

Siku mbili baadaye ikaja theluji ya mwisho wa msimu, nzito, ikaangusha nguzo za umeme bondeni kote, zikachukua wiki kadhaa kusimamishwa. Giza likarudi, betri zikarudi, na Tasleema akairudisha kamera kwenye picha ndogo, akinung'unika. Kipimo hakukigusa, kwani alidhani atakibadilisha baadaye, kisha akasahau. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa hakijawahi kuondoka kwenye kile cha picha ndogo, kila kitu kikawa sawa tena chenyewe, bila mtu kujua kwamba kwa siku mbili kilikuwa si sawa.

Siku ya kumi na tisa tangu shali ikataliwe, Zoona alikuja maabara kwa miguu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, na vidole vya mkono wa kulia vimejikunja kwa sababu ya kazi. Alikuwa na kikapu chenye mabaki ya manyoya yaleyale, bado yana unga wa mchele wa kusafishia. Alimsalimu kila mtu mle chumbani mmoja mmoja, hata mfagizi, ndipo akakaa mbele ya Tasleema.

“Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika kwamba nimechanganya?”

“Mashine ndiyo iliyopima, Mama.”

“Mashine sijaiuliza. Nimekuuliza wewe.”

Tasleema alisema ndiyo, ni yeye. Zoona hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mfanyabiashara aliisoma ile fomu mbele ya mumewe, kwa sauti, kama mtu anayesoma hukumu. Khazir hakusema neno siku ile, na hakusema neno mpaka leo. Hamtazami. Chai akipewa na mkewe anageuzia uso ukutani; mpaka jirani yao Mehtaba aje na kumnywesha. Daktari aliwaambia watayarishe moyo.

“Sikuja kwa ajili ya muhuri,” alisema Zoona. “Muhuri mtampa mnayemtaka. Nimekuja kwa sababu mume wangu anakufa akiniona mwongo.”

Akausogeza mbele kile kikapu, akamwomba ampimie manyoya yale. Na hapa Tasleema alisema neno ambalo angelipa chochote alirudishe. Alisema kwamba mabaki ya kikapuni yanaweza kuwa safi kabisa, lakini hayathibitishi Mama alisokota nini. Mfagizi aliacha kufagia. Zoona alikivuta kikapu chake taratibu, akakifunika kitambaa.

“Na hiyo mashine yako inapima kwa rula gani? Na rula yenyewe nani aliipima?”

Tasleema hakukasirika, alijiona ana jibu. Alitoa kile kioo, akakiweka chini ya hadubini, akapiga picha, akavuta mstari mbele ya macho ya yule mama. Maikroni mia moja, kompyuta ikasema maikroni mia moja. Akamgeuzia skrini aone. Zoona, ambaye hakujua kusoma na ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kwenye uzi, alitazama kwa heshima, akashukuru kwa kupokewa, akaenda zake.

Tasleema alikula mkate wake na kuuona hauna ladha. Kilichomfanya afungue tena jalada la ile shali hakikuwa huruma, tuseme ukweli. Alitaka kulikamilisha, aambatishe zile picha, ili mtu mwingine akija kulalamika akute kila kitu kipo. Alifungua picha ya kwanza, na unyuzi ukatoka nje ya skrini. Ilibidi aisukume picha huku na huku aone mwisho wake. Akafungua picha ya shali ya jana: hiyo ilitosha yote ndani ya skrini, na kando ikabaki nafasi. Alikaa akizitazama mbili hizo. Ya jana ilikuwa picha ndogo, ya Zoona ilikuwa kubwa. Akasoma tarehe, siku ya kwanza ya machipuko, na ndipo akakumbuka kaa la moto, kicheko na chai, na kwamba mkono wake haukurudi tena kukigusa kipimo.

Bado alitumaini. Akaipandisha kamera kwenye picha kubwa, kipimo akakiacha kilivyo, akarudisha kioo chini ya lenzi. Alivuta mstari kwenye alama zilezile alizomwonyesha Zoona. Kioo kilikuwa na maikroni mia moja. Kompyuta ilisoma mia na ishirini na sita na ushee. Basi kila unyuzi wa siku ile ulinenepeshwa zaidi ya robo. Alichukua kalamu, akagawanya kwa mkono, akagawanya tena. Kumi na mbili nukta tisa. Pashmina nyembamba namna hiyo haiji kila siku. Shali nyingine moja tu ilipimwa zile siku mbili, nayo ilikuwa nyembamba mno hata kosa lilishindwa kuifikisha kumi na sita.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Si aibu ya kukosea, watu hukosea. Alikuwa ameona magamba kwa macho yake na akanyamaza, kisha mama wa watu akaja, akauliza swali lililo sahihi kuliko yote, naye akamjibu kwa kioo kilichowekwa kwenye picha isiyohusika. Alimdhihirishia mtu mkweli kwamba ni mwongo, kwa ushahidi.

Mkuu wa maabara, Pirzada Sahibu, hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza yote, akavua miwani, akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alishauri waandike kwamba shali imepimwa upya kwa sampuli ya pili, itolewe muhuri, yaishe. Wakisema kipimo kilikosewa, kila aliyewahi kukataliwa kwa miaka kumi na tisa atakuja mlangoni na shali yake.

“Waje,” alisema Tasleema. “Picha zao zote zipo.”

“Tasleema Ji, nakulinda wewe.”

“Najua, Sahibu. Lakini sampuli ya pili inamaanisha ya kwanza ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya.”

Pirzada alisema kamati inakutana Jumatatu, na kabla ya hapo hatii sahihi kwenye chochote. Ilikuwa Alhamisi. Tasleema alifikiria mapafu ya mtu asiyemjua. Alirudi mezani, akachukua karatasi tupu isiyo na nembo, akaandika kwa mkono, kwa Kiurdu cha kueleweka, kwamba yeye Tasleema binti wa mfumaji Ramzan Kawoosa alipima shali ya Khazir na Zoona kwa kipimo kisicho chake, kwamba kosa ni lake peke yake, na unene wa kweli ni huu. Akatia sahihi na tarehe. Alimwekea Pirzada nakala juu ya meza, naye Pirzada hakuigusa wala hakumzuia.

Njia ilikuwa na theluji iliyoyeyuka na kuwa tope. Alitembea amekunja upindo wa joho, akauliza nyumba mara mbili. Kwa mwokamikate, aliyemwelekeza mara ya pili, walikuwako wanawake wawili wanaongoja mkate, na mmoja alimwuliza kama anakwenda kwa yule mchanganyaji. Alisimama. Akawaambia wote, pamoja na mwokamikate, kwamba hakuna aliyechanganya, kwamba yeye ndiye mpimaji na ndiye aliyekosea. Walichukua mikate yao. Hakujua kama wamemwamini.

Khazir alikuwa amelazwa karibu na dirisha, juu ya magodoro mawili, pembeni ya kitanda cha mfumi kisicho na uzi. Mehtaba, yule jirani, alikuwa ameketi karibu na kichwa chake, ameshika kikombe. Zoona alitoka jikoni, akamwona mgeni, akamkaribisha kama vile asubuhi hakukutokea kitu, akataka kwenda kuongeza maji ya chai. Tasleema alimwomba abaki. Alikaa mkekani, karibu na sikio la mgonjwa.

“Mzee Khazir, mimi ndiye niliyepima shali yako. Nilikosea. Mkeo hakutia kitu.”

Macho yalifunguka. Alikuwa mtu mkubwa aliyepungua, ndevu nyeupe, na sauti ikatoka kwa vipande.

“Ilikuwa ngapi?”

“Kumi na mbili nukta tisa.”

Alitaka kujua mtu anakosea vipi namna hiyo. Tasleema alimweleza bila kuficha, polepole, habari ya picha ndogo na picha kubwa, na kipimo kilichobaki cha baridi wakati picha zimeshakuwa za machipuko. Khazir alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi, amekunja uso, hana hasira, anatafuta mahali uzi ulipokatikia. Alipopaona mahali hapo, aliomba aelezwe tena.

“Kwa hiyo nyuzi zilikuwa zilezile siku zote?”

“Zilezile, Mzee. Hazikubadilika hata kidogo.”

Alinyoosha mkono apewe karatasi. Hakujua kusoma yeye pia. Aliishika tu, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya wino. Mehtaba alianza kulia na kumsifu Mungu, akasema sasa yamekwisha, sasa nyumba itatulia. Khazir aliomba chai. Mehtaba alipokiinua kikombe, Khazir alitikisa kichwa, akamtazama mkewe. Zoona alikipokea kile kikombe, akapiga magoti, akamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto kama alivyokwisha kufanya mara nyingi kabla ya siku zile kumi na tisa, akamnywesha. Alikunywa nusu. Nyingine ilimwagika ndevuni, naye Zoona akaifuta.

“Nisamehe, Zoona,” alisema Khazir. “Sasa nimejua.”

Zoona alimlaza kichwa juu ya mto, akamnyooshea blanketi mpaka kidevuni. Hakuwa na uchungu usoni. Alikuwa amechoka, na alisema kwa sauti ya chini, kama anayemwambia kwamba nje kumepoa.

“Nilikuwa nangoja uniamini kabla haijaja karatasi.”